Mtoto Aliyenukia Sukari Guru

Kama unasoma haya umekaa kwenye benchi la wodi ya watoto, mtoto amelala mapajani, na mtu amekuambia "tusubiri majibu", basi nimekuandikia wewe. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani wa Igoma, nashona sare za shule na magauni ya komunio, na ukiniuliza habari za vimeng'enya nitakuambia kamuulize aliyesomea. Nitakachokueleza ni yale yaliyotupata nyumbani kwetu. Na nakuonya mapema, maana sipendi kumdanganya mtu mwenye mtoto mgonjwa: usisome ukitegemea kwamba mwishoni mtoto anapona.

Mume wangu ni Masanja, anachomelea mageti na madirisha. Yeye ni Msukuma wa Sengerema, mimi Mhaya wa Muleba. Tulipotaka kuoana watu walitutania mpaka basi. Walisema mtoto wetu atakuwa na maringo ya Kihaya na tumbo la ugali la Kisukuma, tutamlisha na nini? Wazee wetu hawakucheka. Walifanya yanayofanywa, wakachunguzana. Watu wa kwao walikuja hadi Muleba kuuliza kama ukoo wetu una kifafa, una wendawazimu, una mtu aliyewahi kujinyonga. Watu wa kwetu nao wakavuka kwenda Sengerema kuuliza hayo hayo. Wote wakarudi na jibu moja: koo ni safi, watoto waoane. Tukala ng'ombe wa watu, tukacheza.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Emanueli, tukamwita Ema. Jamani, Ema alikuwa mtoto! Mnene, anacheka na kila mtu, hata na mkusanya taka. Miezi yote aliyonyonya maziwa yangu peke yake hakuwahi kuumwa hata mafua ya maana. Akafika umri wa kuanza kula, na kliniki wakaniambia nimwanzishie uji wa lishe kama wenzake.

Hapo ndipo mama mkwe wangu alipoingia kazini. Yeye anaitwa Minza, mwanamke mrefu, mikono mikubwa, hajui kupenda kidogo kidogo. Alivuka na kivuko cha Kamanga amebeba dagaa aliowaanika mwenyewe juu ya wavu ili wasishike mchanga. Akawakaanga kidogo, akawasaga pamoja na karanga, soya na ulezi. Kila mama wa kanda hii anaujua unga ule. Mtoto dhaifu anaongezewa dagaa, mtoto mzima anaongezewa dagaa asije akadhoofika. Ukimnyima mtoto dagaa ukiwa unaishi kando ya ziwa, watu watakuuliza una roho ya namna gani.

Siku chache baada ya kuanza uji, Ema alianza kutapika. Akawa analala mchana kutwa, ukimwinua shingo inalegea. Na nepi zake zikawa na harufu tamu, harufu ya sukari guru, ile ya vipande vya kahawia inayouzwa sokoni. Mama mkwe alinusa akacheka. "Mjukuu wangu mtamu huyu! Mfunikeni, nzi watamwiba." Tukacheka wote, hata mimi.

Tulimpeleka hospitali. Walipima malaria, walipima typhoid, walimchoma sindano mgongoni kutafuta homa ya uti wa mgongo. Wakamtundikia dripu ya maji ya sukari, na kwa sababu alikuwa hali kitu akabaki na dripu hiyo tu. Kesho yake anakaa, keshokutwa anavuta skafu ya nesi. Tukaruhusiwa na kuambiwa mtoto amepungua uzito, tumlishe vizuri. Tukarudi, tukamlisha vizuri sana. Wiki haikuisha akawa amelegea tena.

Maisha yetu yakawa hivyo kiangazi kizima. Dripu, nyumbani, uji, dripu. Nililijua lile benchi kuliko kitanda changu. Nilijua ubao upi umelegea na unabana nguo, nilijua nesi yupi anaitikia salamu. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Ukerewe, mtoto wake ana ugonjwa wa moyo, ambaye kila asubuhi alinimiminia nusu ya chai yake bila kuniuliza kama nataka. Sikuwahi kumshukuru vizuri, siku moja nilikuta kitanda chao kimetandikwa shuka jipya. Nilikunywa chai ya kununua baada ya hapo na haikuwa na ladha.

Sasa watu si wajinga. Waliona kitu ambacho na sisi tulikiona: mtoto akiwa hospitali ni mzima, akirudi nyumbani anaumwa. Jirani yangu wa ukuta mmoja alisema wazi, "Mama Ema, ugonjwa uko humo ndani ya nyumba yenu." Wifi yangu akasema hivyo hivyo kwenye simu. Mimi ni Mkatoliki, nilinyunyiza maji ya baraka kila pembe. Masanja, ambaye haamini mambo hayo, alichimba chini ya kizingiti akatoa kipande cha chupa na mfupa wa kuku, akavitazama kama anasoma. Hatimaye ukoo ukakaa wakaamua: mtoto aondolewe kwenye ile nyumba, apelekwe Sengerema kwa bibi yake.

Na mpaka leo hilo ndilo linaloniumiza. Walikuwa sahihi. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba yetu kweli, kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, juu ya kabati, mahali tulipoweka unga. Tukamwondoa mtoto kwenye nyumba, unga tukaubeba.

Kwa bibi yake kulikuwa na ng'ombe wa maziwa. Kulikuwa na samaki wabichi na dagaa wasioisha. Mama mkwe alimpigania mjukuu wake kwa vyote alivyokuwa navyo. Ema akawa anafumba mdomo. Anageuza uso, anasukuma kikombe kwa mkono uliokwisha nguvu. Basi bibi akamnywesha kama alivyowanywesha watoto wake wote: anamlaza mapajani, anabana pua, anamimina uji kwenye kiganja, mtoto akifungua mdomo kutafuta pumzi anameza. Nilikuwepo. Nilimshikia miguu.

Alifia kwenye gati ya Kamanga, mawingu ya mvua za kwanza yakiwa yamekusanyika upande wa ziwa. Tulikuwa tunamkimbiza hospitali na kivuko kilikuwa ng'ambo. Tuliketi tukikitazama kinavyokuja polepole, na kilipofika hatukuwa na haja nacho tena. Tukageuka tukamrudisha kwa bibi yake kumzika.

Msibani nilisikia maneno. Wifi yangu alikuwa anakuna nazi nyuma ya jiko akisema damu ya Wahaya ina mambo, kwao walificha kitu wakati wa uchunguzi. Alijua nasikia. Mama yangu naye, aliyetoka Muleba na basi la usiku kucha, alinong'ona kwamba Wasukuma kwa dawa zao za mifugo huwezi kujua wamekanyaga nini. Masanja hakunitetea kwa wifi na mimi sikumtetea kwa mama. Tulirudi Igoma tumekaa viti tofauti.

Haya, maisha yakaendelea kwa sababu hayana adabu. Nikapata mimba, nikajifungua mtoto wa kike, tukampa jina la bibi yake, Minza. Alinyonya, akanenepa, akacheka. Nilikuwa namwogopa. Kila mtu alisema anafanana na kaka yake na kila aliyesema hivyo nilitamani aondoke nyumbani kwangu. Siku ya kuanza uji ilipofika nilichelewesha, nikachelewesha tena, mpaka nesi wa kliniki akanigombeza mbele ya wenzangu. Nikampa. Bibi yake alikuwa ameshaleta unga.

Asubuhi ya siku ya tatu au ya nne, masika imeshika, nguo hazikauki ndani, nilifungua nepi ya Minza na ile harufu ikanijia usoni. Nilikaa sakafuni. Halafu nikaifunga ile nepi kwenye mfuko wa plastiki, nikambeba mtoto, nikaenda hospitali kubwa.

Daktari wa watoto siku ile alikuwa dada mmoja mpole wa sauti. Nilimwambia, "Usiniulize ana homa tangu lini. Nusa kwanza." Wanawake kwenye benchi waliguna, wakadhani nimechanganyikiwa. Daktari akafungua mfuko, akanusa, akanusa tena. Uso wake ukabadilika. Akaniuliza kama nimewahi kuwa na mtoto mwingine mwenye harufu hii. Hapo nikalia kilio ambacho sikukilia gatini.

Alisema anahisi ni ugonjwa wa kuzaliwa, wa nadra, lakini hapa nchini asingeweza kuthibitisha, damu ingepelekwa nje. Masanja akaitwa, wakatutoa damu sote watatu. Mpaka majibu yarudi akakataza maziwa ya ng'ombe, samaki, dagaa, nyama, mayai, maharage, karanga. Nikamuuliza sasa ale nini, mawe? Akasema uji wa muhogo, viazi, ndizi, sukari, na maziwa yangu kwa kiasi. Mimi Mhaya niliyelelewa na ndizi na maharage, niliyeolewa kwa wafugaji, nikaambiwa nimlee mtoto kwa muhogo na sukari.

Tulisubiri. Masika iliisha, vumbi likarudi, pamba ikavunwa huko mashambani, maembe yakaanza kuuzwa kwenye beseni. Kila nilipokwenda kuuliza niliambiwa bado. Minza alipata degedege mara mbili katika kusubiri huko. Kabla hajaugua alikuwa ameanza kukaa, sasa akaacha. Nilimfunga kanga nikamkalisha kwenye beseni la nguo kando ya cherehani, akawa anaangalia sindano inavyopanda na kushuka. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake na yangu.

Siku ya majibu tuliingia na Masanja. Sitakueleza yote aliyosema daktari kwa sababu mengine sikuyaelewa. Niliyoyaelewa ni kwamba mwili wa Minza hauwezi kusaga sehemu fulani ya vyakula vinavyojenga mwili, inabaki na kugeuka sumu, na sumu inakwenda kwenye ubongo. Masanja aliuliza swali moja tu.

"Imetoka kwa nani?"

"Kwenu wote wawili," daktari akasema. "Mama amebeba kosa moja kwenye vinasaba vyake, wewe umebeba lako, la aina nyingine. Ninyi wenyewe halijawahi kuwadhuru, wala wazazi wenu. Mtoto aliyechukua yote mawili ndiye anayeumwa."

"Kwa hiyo na mimi."

"Na wewe."

Akainuka akatoka. Nilimsikia kwenye korido anampigia dada yake simu, anasema kwa Kisukuma, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba ile damu waliyokuwa wanaisema ni yao pia. Akarudi akanishika bega. Hajawahi kuomba msamaha kwa maneno na sikumdai.

Nikauliza dawa. Daktari akatazama mikono yake. Kuna maziwa maalumu, akasema, yanatengenezwa nje, hapa hayauzwi. Aliwaandikia watu wa nje. Makopo machache yakaja siku moja kwa hisani ya watu, yakaisha, hayajaja tena. Na hata yangekuja, kilichokwisha kuharibika kichwani mwa Minza hakirudi. Nilikuwa nimeamini, usinicheke, kwamba ugonjwa ukishapata jina utaogopa. Tulipata jina refu, limeandikwa kwa herufi kubwa, tukatoka nalo kwenye jua la saa nane bila kitu kingine mkononi.

"Na Ema?" nilimuuliza daktari mlangoni.

"Ema hatukumpima, mama. Lakini nadhani unajua."

Njiani Masanja akasema, "Mama asijue. Mama akijua alichomlisha Ema atakufa." Nikakubali. Tukamwambia bibi yake kwamba daktari amekataza baadhi ya vyakula, basi.

Unamwambiaje mwanamke kama yule "daktari amekataza"? Alipokuja kutusalimia alimkuta mjukuu, mwenye jina lake, vimiguu vyembamba, anakula uji mweupe wa muhogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama Ema, hiki ni nini?"

"Ni chakula chake, mama. Daktari amesema."

"Huyo daktari ana watoto? Ng'ombe wangu wanakamuliwa, mjukuu wangu anakunywa gundi!"

Nilicheka kidogo, akacheka pia, nikadhani yameisha. Nilikwenda dukani kununua uzi. Niliporudi alikuwa amemaliza kumpa Minza kikombe cha maziwa mgando aliyokuja nayo kwenye kibuyu, na kwa siku mbili zilizofuata, kila nilipogeuka, akawa anampa kimyakimya. Minza alizimika mikononi mwangu. Wodini walihangaika naye mpaka daktari akaniambia niite padri. Padri akaja, akampaka mafuta. Minza alirudi, lakini hakurudi kamili. Jicho moja sasa linatazama pembeni, na maneno matatu aliyokuwa nayo, baba, bibi na maji, limebaki moja.

Basi ikabidi tumwambie. Masanja alimkalisha mama yake kwenye kitanda tupu wodini, akamwambia kwa Kisukuma. Kisukuma changu si kizuri, ila nilisikia neno dagaa, nikasikia Ema. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa ameweka ile mikono mikubwa mapajani, akaitazama. Halafu akanigeukia mimi, akaongea Kiswahili ili nisikose neno.

"Mama Ema. Yule mtoto alikuwa anafumba mdomo."

"Ndiyo, mama."

"Kumbe alikuwa anatuambia."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilikwenda nikakaa naye pale kitandani mpaka nesi akaja kutuondoa.

Hakurudi Sengerema kuishi. Ng'ombe aliwaachia shemeji yangu, akahamia kwetu, analala chumba kimoja na Minza. Haleti chakula chochote tena. Anaomba ruhusa hata ya kumpa maji. Na akimlisha, Minza akifumba mdomo tu, anaweka kijiko chini palepale, anaondoa mkono kama ameungua. Siku za kawaida ninamwacha.

Wewe uliye kwenye benchi, sikia haya machache. Mtoto akiwa na harufu usiyoielewa, mpelekee daktari ile harufu yenyewe, usione aibu. Akiwa mzima kwa dripu na mgonjwa kwa chakula, waambie hivyo hivyo. Kama mwingine alikufa kabla yake, mtaje hata kama hawajakuuliza. Na wakianza kugombania damu ni ya ukoo gani, toka nje ukapunge upepo, maana majibu yatawagawia wote. Mimi na Masanja hatutazaa tena. Ndugu wanauliza, tunawaambia biashara ni ngumu.

Sasa nimalizie, mvua inanyesha na nina sare za watu. Kuna kitu daktari alituambia tangu mwanzo ambacho nilitamani sana asingekisema. Minza akikaa na njaa, hasa akiwa na homa, mwili unaanza kujila wenyewe, na sumu inayotoka ni ile ile. Kwa hiyo akiumwa lazima ale uji wake wa muhogo na sukari, atake asitake.

Wiki iliyopita alishikwa na mafua, homa ikapanda. Masanja alikuwa ametoka kutafuta bajaji ya kutupeleka hospitali, na kwa mvua ile haikuwa inapatikana. Bibi yake alikuwa amempakata, kijiko mkononi. Minza akafumba mdomo.

Kijiko kikashuka.

"Amefumba," akaniambia.

"Naona, mama."

"Hajala tangu asubuhi. Nifanyeje?"

Nilimtazama mtoto, shingo ilikuwa imeanza kulegea. Nilitaka kumchukua nimlishe mwenyewe, lakini yeye ndiye anayejua kunywesha.

"Mlazimishe, mama."

"Wewe ndiye unaniambia?"

"Ndiyo. Mimi."

Akamlaza mapajani. Pua hakuibana. Akamimina uji kwenye kiganja, akakiegemeza mdomoni mwa Minza, akasubiri, akamimina tena. Minza alipiga miguu, nikamshika. Akameza kidogo. Bibi yake machozi yalikuwa yanadondoka kwenye uji na hakuyafuta, alikuwa anasema naye kwa sauti ya chini, "Meza, Ema. Meza, baba. Kidogo tu, Ema wangu."

Sikumsahihisha. Nilishika kikombe, nikamwongezea uji kiganjani.